Sauti Nyuma ya Faraji

Wiki ya pili baada ya kurudisha funguo za kabati la ofisini, mwalimu mkuu alinipigia simu akaniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya walimu wapya: namna ya kuchagua vifaa vya kidijitali vya kufundishia. Alisema vijana wanafika na programu chungu nzima kwenye simu zao na hawajui waanze na ipi. Nilikubali kwa sababu bado naamka alfajiri kwa mazoea na sina darasa la kwenda. Ila nilimwonya kwamba mimi si mtu wa kompyuta. Nilikuwa mwalimu wa Sayansi wa shule ya msingi, kompyuta ilinikuta katikati ya safari, na kifaa kilichonifundisha kuliko vyote kilinitisha kwanza. Anayetafuta majina ya programu atafute kwingine. Humu atakuta habari za mwanafunzi wangu Faraji na sauti iliyokuwa ikijibu kabla yake.

Kazi nilianzia Kurasini, kwenye shule iliyopakana na barabara ya malori ya bandarini. Siku ya kwanza niliingia Darasa la Tano na chaki na picha ya moyo niliyoichora kwenye manila kwa penseli za rangi. Niliuliza swali, papo hapo nikalijibu mwenyewe. Nikauliza jingine, nikalijibu. Kwa mwendo huo nilimaliza kazi ya wiki nzima kabla ya kengele, na hakuna mtoto aliyefungua mdomo.

Nyuma ya darasa alikaa Mwalimu Athumani, mzee aliyepewa kazi ya kunilea. Hakunisema mbele ya wanafunzi. Tulipotoka alinipeleka kwenye uzio tukasimama kutazama makontena yakipita.

"Komba, mwanangu," alisema, "hapa ukiuliza swali, subiri lori lipite. Kelele zake huziwezi, basi zitumie. Likishapita, watoto wameshafikiri."

Nikamuuliza, na kama hakuna lori?

"Utalisubiri hilohilo ambalo halipo."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kunyamaza baada ya swali, kunyamaza mpaka mwenyewe naona aibu. Darasani ilinisaidia sana. Nyumbani mume wangu analalamika hadi leo kwamba nikimuuliza kitu namkodolea macho mpaka anasahau alitaka kusema nini.

Baadaye nilihamishiwa Mbagala, nikakaa huko hadi kustaafu. Vifaa vilikuja na kupita. Tulikuwa na televisheni iliyowashwa kwa betri ya gari, na betri ilikuwa mali ya mwalimu wa Hisabati, kwa hiyo akisafiri yeye hakukuwa na Sayansi. Ikaja projekta bila waya wake. Zikaja kompyuta, zikashonewa vitambaa vya maua na kufungiwa chumba chenye makufuli mawili. Vumbi halikuzigusa, na watoto pia hawakuzigusa. Kisha akaja kijana mmoja mwenye tai, akiuza vishikwambi. Mtoto akigusa jibu sahihi, kishikwambi kilipiga makofi. Akikosea, kililia kama chura. Tulimpa darasa ajaribu. Kabla ya kipindi kuisha watoto wote walikuwa wanakosea kwa makusudi ili wamsikie chura.

Wenzangu walicheka. Mimi nilimuuliza yule kijana: mtoto akigusa jibu lisilo sahihi, nitajuaje alikuwa anawaza nini? Alinionyesha grafu yenye rangi nzuri. Nikarudia swali, akanionyesha grafu nyingine. Tangu siku hiyo mwalimu mkuu wetu wa wakati ule, Mama Mushi, alinikabidhi kazi ya kuchagua vifaa, kwa sababu shuleni ukiuliza swali la maana unapewa kamati. Kipimo changu kikawa hicho. Kifaa kinachonifanya nimsikie mtoto akifikiri nilikichukua, na kinachonipigia makofi nilikirudisha.

Halafu ukaja mwaka wa korona, shule zikafungwa. Darasa la Saba lilikuwa langu na mtihani wa taifa ulikuwa mbele yao. Nilipima njia zilizokuwepo. Darasa la video lilikula bando la mzazi kwa kipindi kimoja. Vipindi vya televisheni vilikuwa vizuri, ila televisheni haina masikio. Tukabaki na grupu la wasap, maana nyumba nyingi zilikuwa na angalau simu moja ya kufungulia wasap, nayo ilirudi na mzazi jioni.

Nilianza kwa maandishi, nikakiona cha moto. Mmoja anajibu, wengine wote wanakopi na kubandika. Siku moja nusu ya darasa iliniletea jibu lilelile kuhusu usagaji wa chakula, na kila jibu lilimalizikia na maneno "madam samahani mama anachukua simu". Nikapiga marufuku maandishi. Nikaagiza kila mtoto ajibu kwa voisi, sauti yake mwenyewe, jibu pamoja na sababu. Mimi nami nikarekodi maswali kwa voisi, na baada ya kila swali niliacha ukimya humohumo ndani ya rekodi, ili mtoto afikiri kabla ya kugusa kitufe.

Nyumbani kwangu kulikuwa na wajukuu wasiojua maana ya rekodi, kwa hiyo nilikwenda kurekodia shuleni. Sijui kama mmewahi kukaa kwenye shule ya Mbagala isiyo na mtoto hata mmoja. Madarasa yale yalizoea watoto waliobanana mpaka kwenye vizingiti vya milango. Sasa nilisimama mbele ya madawati matupu, mchana wa jua kali, nikauliza swali, nikanyamaza. Katika ukimya ule mbao za madawati zilialika mojamoja kwa mlio mkavu, nadhani ni kwa joto, mara huku, mara kule nyuma. Nilijikuta nageuka kutazama ni dawati gani lililonyoosha mkono. Baada ya siku chache nilimwomba mlinzi akae karibu na mlango, nikamwambia ni kwa ajili ya usalama wa simu yangu.

Ile sauti niliisikia kwa mara ya kwanza humohumo darasani, nimevaa hedifoni, napitia majibu ya jana yake. Nilikuwa nimeuliza: damu yenye oksijeni ikitoka kwenye mapafu, inaingia chumba gani cha moyo? Nikafungua voisi ya Faraji. Faraji alikuwa mtoto mpole wa familia iliyotoka Newala, na baba yake alikuwa mchonga vinyago anayefanyia kazi nyumbani. Kila voisi ya mtoto yule ilikuja na mlio wa nyundo ya mti ikigonga patasi, ko, ko, ko, nikawa nimeuzoea. Safari hii, kabla Faraji hajavuta pumzi, kulikuwa na mtu mwingine. Sauti ya kike, karibu na hewa tupu kuliko sauti, ilinong'ona: "Auriko ya kushoto."

Kisha Faraji akasema, "Madam, ni auriko ya kushoto, kwa sababu vena ya mapafu inaishia pale."

Nilidhani ni mama yake anamsaidia. Si jambo geni, kuna wazazi waliosoma Darasa la Saba upya mwaka ule. Nikafungua voisi zake za nyuma, moja baada ya nyingine. Sauti ilikuwemo katika zote. Ilikuwa chini mno, bila hedifoni usingeisikia, na kila mara ilitangulia. Lililonisumbua ni kwamba haikuwa inamnong'oneza Faraji. Mara nyingine yeye alitoa jibu jingine kabisa, akakosea, wakati ile sauti ilikuwa imeshapata. Haikuwa inamsaidia mtu. Ilikuwa inanijibu mimi.

Nilirudia kusikiliza tena na tena, na hapo nikabaini jambo ambalo lilinifanya nivue hedifoni. Sauti ile ilisema tu wakati nyundo inagonga. Nyundo ikisimama, nayo inakatika, hata katikati ya neno. Nyundo ikianza tena, inamalizia neno lake. Nilitazama yale madawati matupu, nikakusanya vitu vyangu, nikatoka kwenda kukaa nje na mlinzi. Aliniuliza kama naumwa, nikasema ni joto.

Jioni nilimpigia mama mtu.

"Mama Faraji, hongera, naona unamsaidia kijana."

"Mie? Hapana madam. Mie nashinda sokoni Rangi Tatu na mihogo yangu, nikirudi nampa simu naenda kupika huko uani."

"Basi itakuwa dada yake."

Nilisikia mafuta yakichemka.

"Sie mtoto wetu ni Faraji tu, madam. Hatuna mwingine."

Akakata.  Mimi ni mwalimu wa Sayansi, na nimekaa miaka mingi nikiwaambia watoto kwamba kila tukio lina sababu inayoweza kuchunguzwa. Siku ile nililiamini hilo kwa shida.

Ningeweza kunyamaza nalo, lakini halikukaa kwangu peke yangu. Mtoto mmoja wa darasani aliunganisha simu ya baba yake kwenye sabufa ili asikie majibu ya wenzake vizuri, na ule mnong'ono ukajaa sebule nzima. Asubuhi yake grupu letu lilikuwa linawaka moto kwa maneno ya wazazi. Grupu lina jini. Baba yake Faraji anachonga vinyago vya mashetani, sasa mashetani yake yameanza kusema. Mmoja akaandika kwamba mwanawe alisikia voisi ile akashikwa na homa. Wengine wakaanza kujitoa, na kila aliyejitoa alitoka na mtoto na masomo yake. Waliobaki walimwita Faraji mtoto wa jini, pale pale, naye anasoma. Faraji akaacha kutuma voisi.

Mama Mushi alinipigia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. "Mtoe tu huyo Faraji, Komba. Kidogo kidogo wote watakimbia. Tumalize hii ishu."

"Nikimtoa ndiyo basi tena. Mtihani hauna mchezo, na nyumbani kwao hakuna hata kitabu."

"Sasa wewe unataka nini?"

Nilimwomba aniache niende nyumbani kwao kwanza. Nilisema ni kwa ajili ya Faraji, na ilikuwa kweli. Lakini pia kulikuwa na mtu, au kitu, kilichokuwa kinajua Sayansi yangu yote, na nilitaka kukiona.

Nilikwenda mchana, na barakoa yangu, nikanawa mikono kwenye ndoo iliyowekwa mlangoni. Ua ulikuwa umejaa maganda meusi ya mpingo. Chini ya banda la bati baba yake alikuwa amekaa katikati ya vinyago ambavyo havijaisha, vingine vina mdomo tu, vingine vina macho bila uso. Alinipa shikamoo bila kusimamisha nyundo. Pale kizingitini palikuwa na ndala. Za mwanamume, za mama, za mtoto wa kiume, na jozi nyingine ya kike, ndogo kuliko za mama. Kamba zake zilikuwa zimelegea kwa kuvaliwa, lakini soli ilikuwa safi kabisa, haijakanyaga mchanga hata siku moja. Nilizitazama, nikaingia ndani.

Mama Faraji hakuwa amekwenda kwenye mihogo siku ile, kwa vile nilimwarifu Faraji kwamba nakuja, naye akamwambia. Alinikaribisha kwenye kochi, yeye akakaa kwenye kigoda, mgongo wake umeegemea mlango wa chumba cha ndani. Ilipofika kunipa maji alimtuma Faraji. Alipotaka kanga yake ya kufutia jasho, pia alimtuma Faraji. Hakuinuka pale.

"Madam, hayo ya jini ni maneno ya watu," alisema. "Mtoto wangu naombeni mumwache asome."

Nilimwambia ndicho nilichokuja kukifanya, na kwamba ningependa Faraji ajibu swali la leo mbele yangu, niondoe wasiwasi. Nikatoa simu, nikaweka sauti juu, nikacheza voisi ambayo nilikuwa sijaituma kwa mtu yeyote. Sauti yangu mwenyewe ikauliza: mshumaa unaowaka ukifunikwa kwa glasi, baada ya muda unazimika, kwa nini? Halafu ukaja ule ukimya niliouacha.

Faraji alitazama sakafu. Nje nyundo ilikuwa inagonga. Na nyuma ya mgongo wa mama yake, kutoka upande wa pili wa mbao, ikaja: "Hewa ya oksijeni iliyokuwa ndani imekwisha."

Niligeukia ule mlango. Kuisikia kwenye hedifoni ni jambo moja, na kuisikia ikipita kwenye mlango wa mti, mtu mzima umekaa na glasi ya maji mkononi, ni jambo jingine. Mama Faraji alikohoa kwa nguvu, akasema ni redio ya jirani. Nje nyundo ikanyamaza. Baba mtu alisimama mlangoni, patasi bado mkononi, uso umemshuka.

"Mama Somoe, si nilikwambia mtoto asi..."

Hakumaliza. Wote tulisikia alichokisema. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mwanamume aliyemwita mkewe hivyo miaka nenda rudi hawezi kuuzuia ulimi siku ya kiwewe. Mimi nilikuwa nimekuja kwa Mama Faraji. Sikuuliza kitu. Nilinyamaza tu, nikalisubiri lori la Mwalimu Athumani.

Yule mama alianza kulia bila kujifunika. "Ni mwanangu wa kwanza, madam. Huko Newala mie Mama Somoe. Hapa nimejifunza kuitika jina jingine."

Akainuka kwenye kigoda, akafungua mlango.

Alitoka msichana mkubwa kuliko Faraji, mwembamba, anapepesa macho kwa mwanga wa sebuleni. Mkono wake mmoja ulikuwa na kovu pana la moto kuanzia kiwiko. Alipiga goti, akanipa shikamoo, na ilikuwa ni sauti ileile ya kwenye hedifoni, wala haikupanda.

"Marahaba, Somoe. Mbona unanong'ona?"

"Nimezoea, madam. Naongeaga baba akigonga, majirani wasisikie."

Walinisimulia kwa zamu. Somoe alikuwa na kifafa. Kule kwao alisoma mpaka Darasa la Sita, na alikuwa anaongoza. Siku moja alianguka darasani. Watu waliamini kwamba povu la mgonjwa likikugusa, nawe unaupata ugonjwa, basi watoto walikimbia, na mwalimu alikimbia pamoja nao.

"Nilipoamka darasa lilikuwa tupu," Somoe alisema. "Madawati yamelala, madaftari yako chini. Nikaita, hakuna mtu. Nikadhani wamekufa wote. Halafu nikafikiri, labda nimekufa mie."

Baada ya hapo alianguka tena na tena, mara moja kwenye moto wa kuni, na kila mara aliamka peke yake. Wakahamia Dar, ambako hakuna anayewajua, wakaamua pasiwe na mtu wa kukimbia. Faraji alifundishwa kusema yuko peke yake. Voisi zangu zilipoanza, Somoe alizisikia kupitia ukuta. Faraji aliporekodi alisimama kwenye ule mlango kwa sababu ndipo mtandao unaposhika.

Baba yake alikuwa bado amesimama. "Usinione mkatili, madam," alisema. "Sikumficha kwa aibu. Sikutaka aamke tena akute hakuna mtu."

Nilishikwa na hasira, na haikuwa juu ya yule baba. Ilikuwa juu ya mwalimu mwenzangu, nisiyemjua jina wala sura, aliyetangulia mlangoni mbele ya watoto wake. Mpaka leo haijaniisha.

Faraji hakutolewa kwenye grupu. Wazazi wake waliniruhusu niseme ukweli kwa Mama Mushi, na mimi na mama yake tulimpeleka Somoe kliniki. Muuguzi aliuita ugonjwa kwa jina lake bila kushusha sauti, akatoa dawa za kila siku, akasema kuanguka kutapungua lakini hakutuahidi kwamba kutakwisha. Yule mama aliuliza tena na tena kama povu linaambukiza. Aliambiwa hapana kila alipouliza, na kila alipoambiwa alilia upya.

Shule zilipofunguliwa, nilitaka Somoe aanze Darasa la Sita, pale alipoachia, nami nilikuwa nafundisha Sayansi huko pia. Mama Mushi alishika kichwa. "Akianguka, watoto wakakanyagana mlangoni, mie nitasimama wapi?" Ilikuwa hoja ya kweli. Darasa lilikuwa na mlango mmoja na watoto wa kujaza matatu. Na watoto wale walikuwa ndugu wa waliokimbia grupu.

Sasa ndipo ninapowafikia ninyi na vishikwambi vyenu. Nilikuwa na kazi ya kulifundisha darasa lile lisikimbie, na ilibidi nichague kifaa. Kwenye mtandao nilikuta video nyingi za watu wakianguka. Nilimwonyesha mwalimu mwenzangu moja, akafumba macho. Nikaziacha, kwa sababu zilionyesha mwili na hazikuonyesha mtu. Bango lenye maelekezo lilikuwa safi, lakini bango haliwezi kukuambia linavyojisikia. Mwisho nilimuuliza Somoe mwenyewe angependa nini. Alisema kusimama mbele yao hawezi. Kurekodi anaweza.

Tulirekodi sebuleni kwao. Baba yake aliweka nyundo chini bila kuambiwa, akaja kukaa kizingitini, na kwa mara ya kwanza Somoe alizungumza nyumba ikiwa kimya. Alianza kwa kunong'ona, nikafuta. Akaanza tena. Mara kadhaa nilifuta, mpaka ikatoka sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, nzito kidogo, ya msichana anayekaribia kuwa mkubwa.

Kesho yake nilibeba spika ndogo hadi Darasa la Sita, nikaiweka juu ya meza, nikaiwasha. Ikasema:

"Jina langu Somoe. Ile sauti mliyoisikia kwenye grupu ni mie. Si jini. Nina kifafa. Nikianguka sisikii maumivu, na mie siwaoni. Msinitie kijiko mdomoni, msininusishe kitunguu. Sogezeni madawati nisijigonge. Nilazeni ubavu. Hamuwezi kuambukizwa. Itapita yenyewe. Nikiamka nitakuwa sijui niko wapi."

Ukafuata ukimya, kwa kuwa nilimwambia auache. Hakuna dawati lililoalika. Kisha mtoto mmoja wa mbele akauliza anakuja lini.

Alikuja Jumatatu. Wiki zilipita, akaanza kunyoosha mkono, akaanza hata kubishana na mimi kuhusu mizizi ya mihogo, na mimi nikaanza kusahau. Ilitokea kwenye kipindi cha mchana. Nilikuwa ubaoni, nimewapa mgongo. Nilisikia mlio ambao si wa kilio wala wa kicheko, mrefu, wa koo tupu, na nilipogeuka Somoe alikuwa anateleza kutoka kwenye dawati, macho yake yamegeuka. Nimeona mengi darasani, lakini mlio kama ule sikuwa nimewahi kuusikia. Darasa zima likasimama kwa pamoja. Wa karibu na mlango walikuwa wameshaugeukia. Mvulana mmoja alikuwa na mguu nje tayari.

Nilifika kwa Somoe nikapiga magoti.  Nilisikia madawati yakiburuzwa nikajua wanakimbia, sikuwa na nafasi ya kugeuka. Kumbe walikuwa wanayasogeza. Sweta lililokunjwa likaingia chini ya kichwa chake, sijui la nani. Mikono midogo ikanisaidia kumgeuza ubavu. Povu lilimwagika kwenye kidole cha binti mmoja, akakitazama, akajifuta kwenye sketi, akaendelea kushika. Yule mvulana wa mlangoni alirudisha mguu ndani, akabaki ameshika fremu kwa mikono miwili. Baadhi walikuwa wanalia bila sauti. Hapakuwa na sauti nyingine mle ndani ila pumzi za Somoe, ambazo zilikuwa mbaya, kisha zikawa nzito, kisha zikawa za mtu aliyelala.

Tukasubiri. Niliwaambia wakae chini, wakakaa.

Somoe alifumbua macho. Alitazama dari, akatazama mikono yangu, kisha akageuza kichwa taratibu kuelekea madawati. Aliwatazama mmoja mmoja, mstari kwa mstari hadi kule nyuma, na uso wake ukaingiwa na hofu.

"Madam," alisema, "nimeanguka?"

"Umeanguka, mama. Imeshapita."

Akawatazama tena.

"Sasa hawa mbona wapo?"